Dawa ya Kopo na Dawa ya Boksi

Huko Mkuyuni, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, watoto wa miaka ya 1990 waliijua klorokwini kwa mambo mawili: uchungu wake na kuwasha kwake. Uchungu ulivumilika, maana palikuwa na ndizi mbivu ya kusukumizia. Kuwashwa ndiko kulikokuwa kazi. Saa chache baada ya vidonge vya kwanza, viganja na nyayo vilianza kuchoma kama vimepakwa upupu, na mgonjwa alikesha akijikuna huku homa yenyewe ikishuka. Mwandishi wa makala haya, mmoja wa watoto hao, anamkumbuka mjomba wake akitangaza mbele ya ukoo kwamba ni heri abaki na malaria yake.

Kwa Waluguru neno la mjomba si dogo, na mjomba huyu alikuwa na maelezo yake. Klorokwini ya zahanati, ile iliyohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa la plastiki na kutiwa kwenye kibahasha, ndiyo inayowasha. Ya boksi, yenye jina la kampuni ya Ulaya, haiwashi. Siku alipopata nauli akaenda Morogoro, mji kasoro bahari, akanunua Nivaquine kwa fedha ya mafenesi yake. Ikamwasha vilevile. Alichoambulia ni kurudi dukani kununua piritoni za kupunguza muwasho.

Kilichomshinda kinaelezeka. Kila kidonge kina kiini, yaani kemikali inayotibu, na kina vijazio: wanga, sukari ya maziwa, rangi, gundi na vingine vinavyokipa umbo. Kampuni iliyogundua dawa huiuza kwa jina lake la biashara. Muda wa hataza ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza kiini kilekile na kukiuza kwa jina la kitaalamu kwa bei ya chini. Hizo ndizo jeneriki, ambazo mitaani huitwa “za Kihindi” hata kama zimetoka Nairobi au Dar es Salaam. Kuwashwa na klorokwini kulitoka kwenye kiini. Madaktari wa Afrika, wa Nigeria hasa, waliandika mengi juu ya muwasho huo uliowasumbua watu weusi kuliko Wazungu, na haukujali kidonge kimetoka kwenye kopo au kwenye boksi.

Serikali ilipoiacha klorokwini Agosti 2001, sababu ilikuwa usugu wa vimelea. Ikaingia SP, mchanganyiko wa sulfadoksini na pyrimethamini, dawa ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, la kampuni ya Roche. Nayo ikaja na hofu yake. Habari za watu waliobabuka ngozi mwili mzima zilienea magazetini, na kweli athari hiyo ipo: madaktari huiita ugonjwa wa Stevens-Johnson, ni adimu lakini inaweza kuua, na dawa za salfa zimejulikana kwa muda mrefu kuisababisha. Vijiweni hukumu ilitoka haraka: Fansidar yenyewe haina neno, zinazobabua watu ni zile za bei rahisi.

Hukumu hiyo ilikuwa ya hatari. Salfa imo kwenye Fansidar, imo kwenye kila SP ya kiwanda chochote, na ndugu yake imo kwenye Septrin, ambayo kwa jina la kitaalamu ni kotrimoksazoli. Dada mkubwa wa mwandishi alikuwa amewahi kutokwa malengelenge mdomoni baada ya kumeza Septrin ya kikohozi. Alipokuwa mjamzito akafika kliniki, siku ya kupewa SP ya kumkinga na malaria, akasema tu, “Nesi, mimi Septrin inanidhuru.” Muuguzi aliweka vidonge chini. Aliuliza malengelenge yalitoka wapi, yalikaa muda gani, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuandika SALFA kwenye jalada la kadi, kwa herufi kubwa, akapigia mistari miwili. Angeandika “Septrin”, mhudumu wa kituo kingine angeweza kuona boksi lenye jina tofauti na kumpa bila wasiwasi. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna orijino itakayomwokoa. Kundi zima la dawa halimfai.

Miaka ikapita, dawa mseto ikachukua nafasi ya SP kwa kutibu malaria kuanzia mwishoni mwa 2006, na ugonjwa uliotawala mazungumzo ya familia ukawa mwingine. Mama mzazi wa mwandishi alipimwa presha mjini ikakutwa juu. Akaanzishiwa amlodipine ya miligramu 5, na baada ya muda, presha ilipokataa kushuka vya kutosha, akapandishwa hadi 10. Presha ikatii. Miguu ikajaa. Jioni, akitoka shambani, alikaa barazani akabonyeza kifundo kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale akilitazama. Viatu vya kanisani vikaacha kumwingia, akawa anakwenda misani kwa kandambili, jambo lililomuudhi kuliko ugonjwa.

Kikao cha ukoo kikakaa, na mjomba, ambaye umri haukumpunguzia uhakika, alikuwa na jibu lilelile la miaka ya klorokwini. Dada yake analishwa dawa za kopo. Itafutwe ya boksi. Mpwa mmoja aliyeko Dar es Salaam akasema anaweza kununua Norvasc, amlodipine ya Pfizer, na kuituma kwa basi hadi stendi ya Msamvu, Morogoro. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kawaida, tena ya kila mwezi, maisha yote. Wakaanza kupanga nani atachanga kiasi gani.

Kabla fedha haijatumwa, mwandishi alimpeleka mama yake kwenye duka la dawa karibu na soko la Morogoro, ambako mfamasia kijana alikuwa na sifa ya kutokuwa na haraka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuja, nasikia hii dawa yangu ni feki.”

Mfamasia hakubishana. Aliuliza miguu ilianza kujaa lini. Mama akafikiri, akasema baada ya Pasaka. Na dozi ilipandishwa lini? Kabla ya Pasaka kidogo. Inajaa mmoja au yote miwili? Yote. Anapumua vizuri akilala chali? Vizuri. Maswali hayo mawili ya mwisho hayakuwa ya mapambo: mguu mmoja ukivimba peke yake, au mtu akikosa pumzi akilala, shida inaweza kuwa damu iliyoganda au moyo, na hapo haulizwi muuza dawa, anakwenda hospitali. Kisha akatoa rafuni karatasi ya maelezo ya ile jeneriki, na akafungua kwenye simu ile ya Norvasc. Akaziweka sambamba juu ya kaunta, akamwonyesha mwandishi mstari kwa ncha ya kalamu. Kuvimba vifundo vya miguu kulikuwa kwenye zote mbili, katika orodha ya maudhi yanayotokea mara nyingi.

Amlodipine hushusha presha kwa kulegeza mishipa midogo inayopeleka damu. Mishipa inayorudisha damu haiilegezi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo shinikizo huongezeka katika vijishipa vya katikati na maji hupenya kwenda kwenye nyama, hasa miguuni, ambako mvutano wa dunia unayavuta. Ndiyo maana dawa ya kukojoza haisaidii sana hapo, na ndiyo maana tatizo hukua kadiri dozi inavyokua. Miligramu 10 za Pfizer zingefanya kazi ileile ya miligramu 10 za kopo, kwa bei ya mbuzi.

Mfamasia alimwandikia daktari kijikaratasi. Wiki hiyo dozi ikarudishwa kuwa 5, ikaongezwa losartan kidogo, dawa ya kundi jingine ambayo, ikitumika pamoja na amlodipine, mara nyingi hupunguza huo uvimbe. Losartan nayo ilikuwa jeneriki. Viatu vya kanisani vikarudi kazini kabla ya Krismasi.

Jambo la kutazamwa hapo ni aina ya maswali kuliko jibu lenyewe. Mfamasia hakuanza na “dawa ya nchi gani?” Alianza na “nini kilibadilika, na lini?” Kilichobadilika kilikuwa dozi. Kiwanda kilikuwa kilekile tangu mwanzo, wakati miguu ilipokuwa haijajaa, na ukweli huo peke yake ulitosha kukiondoa kizimbani.

Mjomba naye alipata zamu yake. Sukari ilimpanda, akapewa metformin, tumbo likamsokota na kuharisha, akadai aletewe Glucophage, metformin ya boksi. Kumbe alikuwa anameza vidonge alfajiri kwa chai ya rangi, tumbo tupu, ili awahi shamba. Metformin ya jina lolote husumbua tumbo, zaidi wiki za mwanzo, na huvumilika ikianza kwa dozi ndogo na kumezwa pamoja na chakula. Ipo pia ya kuyeyuka polepole, nayo huwafaa wengi walioshindwa ile ya kawaida. Alipohamishia dawa kwenye ugali wa mchana na wa usiku, tumbo lilitulia. Hakukiri chochote, na hakuna aliyetarajia akiri.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema boksi halina maana kamwe. Si kweli, na wanaosema hivyo huwapa wagonjwa sababu ya kutowaamini tena. Huko Brisbane, Australia, mwaka 1968, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia fenitoini walianza kupepesuka na kuona vitu viwili viwili. Kiini hakikuguswa, wala dozi. Kilichobadilishwa ni kijazio: kalsiamu salfeti ilitolewa, ikawekwa sukari ya maziwa, na mwili ukaanza kuifyonza dawa kwa wingi kuliko zamani. Marekani nako, mwaka 2012, mamlaka ya dawa ilitangaza kwamba Budeprion XL ya miligramu 300, jeneriki ya dawa ya sonona, hailingani na ya asili, na ikaondolewa sokoni. Wagonjwa walikuwa wamelalamika kwa miaka wakiambiwa ni mawazo yao.

Hata dawa yenye jina kubwa hujigeuza. Ufaransa, mwaka 2017, kampuni ya Merck ilibadilisha vijazio vya Levothyrox, dawa yake yenyewe ya tezi la shingo, na maelfu ya wagonjwa wakalalamikia uchovu, kizunguzungu na nywele kukatika. Boksi lilikuwa la Merck kabla na baada.

Matukio hayo yanakumbukwa kwa sababu ni machache. Ili jeneriki ipate kibali, watu wa kujitolea humezeshwa hiyo na ile ya asili kwa nyakati tofauti, damu yao ikapimwa saa baada ya saa, na tofauti lazima ikae ndani ya mipaka iliyowekwa, asilimia 80 hadi 125 kwa hesabu ya kitakwimu. Wapo wanaoisoma mipaka hiyo kana kwamba kidonge kinaruhusiwa kupungukiwa dawa kwa moja ya tano. Sivyo. Ni matokeo yote, pamoja na shaka yake, yanayotakiwa kuingia humo, na kidonge kilichopungua kiasi hicho kingeanguka mtihani. Mamlaka ya Marekani ilipokusanya majaribio zaidi ya 2,000 ya miaka 12, tofauti ya wastani ya kiasi kilichofyonzwa ilikuwa kama asilimia 3.5. Kwa Tanzania kazi ya usajili ni ya TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipoitambua kuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la usimamizi wa dawa.

Na mawazo nayo yamo, japo mgonjwa hapendi kusikia hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland waliwapa wanafunzi wenye kuumwa kichwa mara kwa mara vidonge visivyo na dawa yoyote ndani. Vilivyoandikwa jina maarufu viliwatuliza zaidi, na vililalamikiwa maudhi machache, kuliko vilevile vilivyoandikwa jeneriki. Maumivu yaliyotokana na maandishi ya boksi bado ni maumivu. Ila hayatibiwi kwa kubadili kiwanda kila mwezi.

Kisa kilichomfunza mwandishi zaidi kilitoka Kinole, juu zaidi mlimani, kwa mtoto wa mama yake mdogo ambaye ana kifafa. Mkoa wa Morogoro una historia ndefu na ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, ambako wagonjwa walikuwa wakitengwa kwa imani kwamba mate yao yanaambukiza. Alitumia fenobabito, dawa ya bei ndogo kabisa, na watu waliokuwa wakianguka motoni wakarudi kulima.

Ndugu huyu wa Kinole alikuwa kwenye karbamazepini na kuanguka kwake kulikuwa kumepungua sana. Masika moja akaanza kuanguka mara kwa mara tena. Familia ilikuwa na ushahidi safari hii: vidonge vilikuwa vimebadilika, vya zamani vilikuwa na mstari katikati, vipya havina. Itafutwe Tegretol, karbamazepini ya boksi, ilisemwa, na kwa kifafa madai hayo yana uzito. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2013 ikiweka karbamazepini, fenitoini na fenobabito katika kundi ambalo mgonjwa anatakiwa abaki na bidhaa ya kiwanda kimoja, kwa kuwa tofauti ndogo ya kiasi kwenye damu inaweza kurudisha kifafa au kuleta sumu. Haisemi kiwanda hicho kiwe cha jina kubwa. Inasema kiwe kimoja.

Mfamasia yuleyule wa sokoni aliomba aletewe kibahasha chenyewe. Kilikuwa cha karatasi, kimelegea. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na masika ya Kinole nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Dawa zilikuwa zimehifadhiwa kwenye kikapu karibu na jiko la kuni, penye mvuke wa chungu asubuhi na jioni. Akachukua kimoja, akakibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuingia. Akajaza maji glasi mbili. Katika moja alitumbukiza kidonge cha Kinole, katika nyingine kidonge kipya cha kiwanda kilekile alichotoa rafuni. Kipya kilianza kumeguka kabla hajamaliza kuhudumia mteja aliyefuata. Cha Kinole kilikaa chini ya glasi kizima.

“Hiki si kipimo cha maabara,” alisema, “lakini kinatosha kuniambia nisiuze Tegretol leo.”

Karbamazepini inajulikana kwa hilo. Ikinyonya unyevu hukakamaa na kushindwa kuyeyuka tumboni. Mamlaka ya Marekani ilionya mwaka 1990 kwamba inaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake. Dawa ya bei kubwa ikikaa kwenye kikapu kilekile ingefuata njia ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, waliweka dawa za soko la Tanzania kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, na baadhi zilizofaulu mwanzoni zikashindwa kuyeyuka inavyotakiwa. Kwa maoni ya mwandishi, chupa yenye kifuniko kinachokaza, au vidonge vilivyobaki kwenye karatasi yake ya alumini, vina thamani kwa mgonjwa wa mlimani kuliko jina lolote la Uswisi.

Ndugu wa Kinole alipewa dawa mpya za kiwanda kile kipya zikiwa kwenye alumini, akaambiwa asizitoe mapema. Kuanguka kukapungua hadi alipokuwa zamani.

Lakini lawama ya familia haikuwa ya bure. Kidonge kilikuwa kimebadilika kweli na hakuna aliyemwambia. Bohari ya Dawa, iliyoundwa mwaka 1993, hununua kwa zabuni, na zabuni humpa ushindi kiwanda hiki mwaka huu na kile mwaka ujao. Hivyo ndivyo bei inavyoshuka na hivyo ndivyo maelfu wanavyopata tiba. Asiyelipa dirishani hana uchaguzi wa kiwanda. Anachoweza kudai ni taarifa: sentensi moja kwamba safari hii rangi ni nyingine, kiini ni kilekile, ukiona tofauti rudi. Anaweza pia kutunza boksi au kuandika jina la kiwanda na namba ya toleo, kwa sababu bila hivyo hata ripoti ya madhara anayoipeleka kituoni ili ifike TMDA inakuwa malalamiko tu, haina mahali pa kuanzia uchunguzi.

Kliniki anayokwenda ndugu huyo sasa huandika jina la kiwanda kwenye kadi yake. Kiwanda kilipobadilika tena, aliambiwa kabla hajauliza, akapewa miadi ya wiki mbili badala ya miezi miwili, na dada yake akaagizwa aandike kila anguko, tarehe na saa. Karatasi ilirudi na anguko moja, kiasi kilekile cha miezi iliyotangulia, na daktari akaidhinisha aendelee na vidonge vipya.